Kukaza Kisu cha Springi kwa Makaa na Vifaa vya Bei Nafuu: Mwongozo Kamili

Mama anayepaa samaki ufuoni Dunga, Kisumu, hukitambua kisu kibaya upesi kuliko fundi aliyekitengeneza. Samaki wa kwanza kinakata vizuri, baadaye kinaanza kuteleza juu ya magamba, na kabla ya adhuhuri kinatafutiwa jiwe. Mara nyingi chuma chenyewe hakina kosa. Ni springi halisi ya lori. Kosa ni kwamba hakikupitia moto baada ya kukatwa, au kilipitia moto wa kukisia: kikapashwa hadi kiwe chekundu, kikatumbukizwa kwenye ndoo ya maji, kikatiwa mpini na kuuzwa. Kisu cha namna hiyo ama ni laini, ama kina nyufa usizoziona.

Wengi hudhani kukaza chuma, yaani kukifanya kigumu kwa moto na kukipoza ghafla, kunahitaji tanuri la umeme la maelfu ya shilingi. Moto wa makaa unatosha kabisa. Wasamia, kule mpakani na Uganda, walisifika kwa majembe yaliyofuliwa kwa chuma walichoyeyusha wenyewe kutoka mawe ya vilima vyao, na moto wao ulikuwa wa makaa na mivukuto. Kinachomshinda fundi wa leo ni kujua joto limefika wapi. Hilo nalo lina dawa rahisi: sumaku, chumvi ya mezani, na vipande viwili vya waya wa kulehemu wanaotumia mafundi wa redio. Kila kimoja hubadilika katika joto lake maalumu, na mwongozo huu wote umejengwa juu ya hivyo.

Chuma gani

Chukua springi ya bapa, ile inayokaa chini ya lori au pikapu. Za magari ya Kijapani mara nyingi ni chuma kinachoitwa SUP9, na za Kimarekani ni 5160. Vyuma hivi viwili vinakaribiana sana: kaboni kati ya asilimia 0.5 na 0.65, pamoja na kromiamu kidogo isiyofika asilimia 1. Kaboni ndiyo inayokipa chuma uwezo wa kuwa kigumu. Kromiamu hukiwezesha kukaza hata kikipozwa polepole kidogo, ndani ya mafuta badala ya maji, na hiyo ndiyo sababu ninamshauri kila anayeanza aanze na springi.

Tupa kuukuu pia hutoa kisu kikali, kwa kuwa tupa nzuri ina kaboni karibu asilimia 1 au zaidi. Lakini inataka mkono wenye uzoefu: ikizidi joto kidogo inaharibika, na ikichelewa kuingia kwenye mafuta haikazi. Tena zipo tupa za bei ya chini ambazo ni ngumu kwenye ngozi tu. Nondo, bamba la geti na misumari ya kawaida achana navyo, maana kaboni yake ni ndogo mno na havikazi hata uvipashe siku nzima. Vyuma vya reli usiviguse, hata ukiletewa karibu bure. Ni mali ya umma, na ukikutwa navyo utajieleza kituoni. Kwa springi, nunua kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu mwenye leseni au kwa mekanika aliyeitoa mwenyewe chini ya gari.

Hata kama una uhakika ni springi, jaribu kwanza. Kata kipande kirefu kama kidole, kipashe hadi sumaku isikishike tena, ongeza moto kidogo, kisha kitumbukize kwenye mafuta. Kikipoa kibane kwenye vaisi, kifunike kwa kitambaa kizito, vaa miwani, kipige nyundo. Kikivunjika kama glasi, na pale kilipovunjika pana rangi ya kijivu laini isiyometameta, chuma ni kizuri na joto lako lilikuwa sawa. Kikivunjika kikaonyesha chembe kubwa zinazong'aa, chuma ni kizuri ila ulikipasha kupita kiasi. Kikipinda bila kuvunjika, kirudishe kwenye rundo. Usitupe vipande vinavyobaki, utavihitaji jioni ya kazi.

Kuna jambo moja la kuangalia kwenye springi zilizokwisha tumika: nyufa. Springi imepinda na kunyooka mara nyingi sana barabarani, hasa karibu na tundu la boliti la katikati. Sehemu hiyo itupe. Sehemu unayobaki nayo isugue kwa msasa, ipake mafuta mepesi, ipanguse, kisha ipake vumbi la chaki. Palipo na ufa, mafuta yatachora mstari kwenye chaki.

Umbo kabla ya moto

Springi ikiwa bado ngumu inakula diski za grenda bure. Ilainishe kwanza: ipashe hadi sumaku isiishike, halafu izike kwenye debe la jivu kavu hadi asubuhi. Hapo tupa itaila vizuri.

Kata umbo, toboa matundu ya mpini sasa, kwani baadaye drili haitapita. Pale ubapa unapokutana na mkia wa kisu, ile sehemu inayoingia kwenye mpini, pafanye mviringo. Pembe kali ya ndani ndiyo mahali ufa huanzia wakati wa kukaza. Makali usiyamalize. Yaache na unene wa milimita 1 hadi 1.5, kwa sababu makali membamba hupata moto kabla ya mgongo, huungua, na hupinda yanapoingia kwenye mafuta. Mikwaruzo ya grenda iondoe kwa tupa au msasa ukielekea urefu wa kisu, maana mkwaruzo unaokatiza ubapa nao ni mlango wa ufa.

Jiko

Ngoma ya breki ya lori hutumiwa sana kama jiko la uhunzi, na kwa kufua ni nzuri. Kwa kukaza kisu siipendi. Moto wake hukusanyika katikati, ukapata kisu chenye kiuno cheupe na ncha nyeusi. Kisu kinataka moto mrefu.

Chimba mfereji wenye urefu wa sentimita 45 hivi, upana wa matofali mawili na kina cha sentimita 20, au panga matofali juu ya ardhi kwa vipimo hivyo. Chini laza bomba la chuma la inchi 1 lililotobolewa matundu ya milimita 6 kila baada ya sentimita 4. Mwisho mmoja uzibe, mwingine utokeze nje upokee upepo. Kanda udongo wa mfinyanzi na jivu, paka kuta za ndani, acha zikauke vizuri. Bomba lazima liwe jeusi. Bomba la maji lenye ngozi ya zinki likipata moto hutoa moshi mweupe unaomtia mtu homa na kubana kifua. Usiliingize kabisa kwenye moto huu.

Upepo unaweza kutoka kwenye draya ya nywele kuukuu. Ukitaka kupunguza, isogeze mbali na mdomo wa bomba. Stima zikipotea, kipulizio cha kuzungusha kwa mkono kinafanya kazi ileile, na kusema kweli mkono hutawala moto vizuri zaidi kwa kuwa unauongeza na kuupunguza kwa kadiri unavyoona.

Sasa kifaa ambacho kwangu ndicho kinachobadilisha kazi nzima: kipande cha bomba la mraba la inchi 2, lile wanalotumia mafundi welda kwa mageti, lisilo na zinki, urefu wa sentimita 35. Ziba mwisho mmoja kwa udongo. Bomba hili linalala ndani ya makaa, makaa chini yake, kando na juu, na kisu kinaingia ndani ya bomba bila kugusana na makaa. Joto linakizunguka kisu sawasawa, upepo haukipigi moja kwa moja, na kaboni ya ngozi yake haiungui haraka. Bomba lenyewe litaliwa na moto baada ya kazi kadhaa, lakini kipande cha namna hiyo hupatikana kwenye mabaki ya karakana yoyote.

Fanya haya yote nje. Hewa ya makaa huua ndani ya chumba, na hukuti harufu ya kukuonya.

Mafuta

Mafuta ya kupikia ya maji, ya mahindi au alizeti, yanatosha. Kwa kisu cha kawaida tafuta lita 4, uyatie kwenye chombo cha chuma kirefu chembamba ili kisu kizame kikiwa wima: kipande cha bomba kubwa kilichochomelewa kitako, au mitungi miwili ya chuma iliyounganishwa. Kamwe usitumie ndoo ya plastiki. Mafuta machafu ya injini yaache. Moshi wake ni mbaya na ndani yake mna vyuma vya sumu.

Yapashe mafuta kwanza, nyuzi 50 hadi 60, kwa kutumbukiza kipande cha nondo chenye moto. Joto hilo ni lile ambalo huwezi kushikilia chombo kwa mkono mtupu zaidi ya muda mfupi sana. Watu hushangaa kuambiwa mafuta ya moto hupoza upesi kuliko ya baridi, lakini ndivyo: yakiwa moto huwa mepesi, huzunguka haraka na kubeba joto la chuma. Ya baridi ni mazito na hukizunguka kisu kwa utando wa mvuke.

Mafuta yanaweza kuwaka kisu kinapoingia. Weka karibu mfuniko wa chuma unaoziba chombo chote, na ndoo ya mchanga. Maji yasikaribie mahali hapo. Maji kwenye mafuta yanayowaka hurusha moto juu na pande zote. Vaa glovu za ngozi, miwani, nguo za pamba na viatu vilivyofunikwa. Watoto wakae mbali.

Kusawazisha chuma

Chuma kilichokatwa na kusagwa kina mivutano ndani yake, na chembe zake si sawa. Kabla ya kukaza, kipashe na kukiacha kipoe hewani mara tatu. Mara ya kwanza pandisha joto kidogo kuliko la kukazia, karibu nyuzi 870, kitoe, kining'inize mahali pasipo na upepo hadi kipoteze wekundu wote na sumaku ikishike tena. Mara ya pili shuka kiasi, ya tatu shuka zaidi, pale tu sumaku inapoachia. Kila mzunguko hupunguza ukubwa wa chembe, na chembe ndogo ndizo zinazoshika makali bila kumeguka. Kikipinda katika hatua hii kinyooshe, kwa sababu bado ni rahisi.

Wengi huiruka hatua hii kwa sababu haionekani kwa macho. Usiiruke.

Kukaza

Anza magharibi. Kisumu jua huzama karibu saa moja kasorobo mwaka mzima, na mwanga hafifu wa wakati huo ndio unaofaa. Chuma kinachoonekana chekundu hafifu mchana wa jua kali kinaweza kuwa kimeshapita joto la kukazia kwa mbali.

Washa makaa ya mti mgumu, yaliyovunjwa vipande vya ukubwa wa limau. Yakishika, laza bomba la mraba, ongeza makaa juu, acha bomba lote liwe na rangi moja. Kabla ya kuingiza kisu, ingiza kipande cha mabaki chenye unene uleule. Kifunge kwa waya mgumu uweze kukivuta.

Sumaku ya spika kuukuu ining'inize kwa waya. Kila mara toa kipande, kiguse upesi. Karibu nyuzi 770 chuma huacha kushikwa na sumaku. Hapo ndipo mafundi wengi husimama, na hapo ndipo springi hukaza nusu. Chuma hiki kinataka nyuzi 830 hivi. Basi nyunyiza chumvi kidogo juu ya kipande na kukirudisha. Mwanzoni itapasukapasuka. Chumvi huyeyuka ifikapo nyuzi 801. Punje nyeupe zitageuka maji maangavu yanayong'aa juu ya chuma. Ikiyeyuka, ongeza moto kidogo tu, na uitazame rangi ya chuma kwa makini. Rangi hiyo, jioni hiyo, katika mwanga huo, ndiyo unayoitafuta kwenye kisu. Kwa tupa, simama pale chumvi inapoanza kuyeyuka.

Chumvi ikae kwenye kipande cha mabaki. Kwenye kisu italeta kutu.

Ingiza kisu, mgongo ukiwa chini. Kitazame kinavyopanda joto: utaona vivuli vyeusi vikitembea ndani ya wekundu. Vivuli hivyo ni chuma kikibadilika ndani, kikimeza joto bila rangi yake kupanda. Vikiisha vyote, kutoka ncha hadi mwanzo wa mkia, mabadiliko yamekamilika. Isogeze draya, punguza upepo, kiache katika rangi uliyojifunza kwa dakika 3 hadi 5 ili kaboni isambae. Ncha ikitangulia kung'aa, ivute nje kidogo ya sehemu yenye moto mkali.

Kisha kitoe na kizamishe. Chombo cha mafuta kiwe hatua moja tu kutoka kwenye jiko, kwa sababu una kama sekunde mbili. Kiingie ncha kwanza, wima, bila kusita katikati. Kisogeze juu na chini, au kuelekea makali na mgongo. Ukikitikisa kuelekea ubapa kitapinda. Baada ya sekunde 10 hivi, kitoe na ukitazame kwa urefu. Kama kimepinda, una muda usiozidi dakika moja wa kukinyoosha kwa mikono yenye glovu au kwa kukibana kati ya mbao mbili, kwani kingali na joto na hakijamaliza kukaza. Kikishapoa usijaribu, kitavunjika.

Kikitoa mlio mkali wa ghafla ndani ya mafuta, kimepasuka. Hakuna tiba, tafuta ulipo ufa, chunguza chanzo chake, ukate kingine.

Kujaribu kwa tupa

Pitisha tupa nzuri kwenye makali. Ikiteleza bila kung'ata, umefaulu. Ikikwaruza juu juu, sukuma mara chache zaidi: huenda ngozi ya nje imepoteza kaboni na chini yake pana ugumu. Ikiendelea kula chuma, hakikukaza. Sababu huwa moja kati ya tatu: joto halikufika, ulichelewa njiani, au mafuta yalikuwa baridi. Kisawazishe tena kwa mzunguko mmoja na urudie.

Kutuliza, usiku huohuo

Kisu kilichotoka kwenye mafuta ni kigumu mno na hakina ustahimilivu. Kikianguka kwenye simiti kinaweza kukatika vipande. Usikiache mpaka kesho. Kinahitaji kutulizwa, yaani kupewa joto la chini kwa muda mrefu, karibu nyuzi 200 kwa saa mbili, kipoe kabisa, halafu saa mbili nyingine.

Kama huna oveni, tumia njia ya kuokea keki kwenye sufuria: sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu sentimita 5 chini, jiko la makaa chini yake, mfuniko wa bapa wenye makaa machache juu. Sufuria hii isirudi jikoni kupika chakula, kwa kuwa waya tutakaotumia una risasi. Kisu kiegemeze juu ya vipande viwili vya tofali ili kisiguse mchanga.

Chukua waya wa kulehemu wenye risasi, ule wa bati asilimia 60, na mwingine usio na risasi. Wa kwanza huyeyuka kati ya nyuzi 183 na 190. Wa pili, wa bati na shaba kidogo, huyeyuka karibu nyuzi 227. Weka kipande cha kila mmoja kwenye kifuniko cha soda, kando ya kisu. Wa kwanza ukiwa umeyeyuka na wa pili ungali mzima, uko pale unapotaka. Wa pili ukilegea, toa makaa ya juu mara moja. Ukiweza kununua kipimajoto cha oveni, ongeza nacho, lakini waya hizi haziharibiki wala hazidanganyi. Washa moto na uutulize vizuri kabla ya kuingiza kisu.

Vitabu vingi hufundisha kutazama rangi: dhahabu hafifu karibu nyuzi 205, kahawia karibu 250, zambarau karibu 275, bluu karibu 295. Rangi hizo ni za kweli kwa chuma kilichosafishwa na kupashwa haraka. Kikikaa saa mbili, rangi huzidi kukolea ingawa joto halijapanda, na fundi anayeiamini rangi pekee atatoa kisu mapema. Kwa hiyo itazame rangi, ila hukumu itoke kwa waya.

Kisu cha samaki au jikoni kiache karibu na 200. Kisu cha shamba kinachogonga mifupa na kuni kisogeze kuelekea 225. Kitapoteza ugumu kidogo lakini hakitameguka.

Kumalizia

Kuanzia hapa adui ni joto la grenda. Makali yakigeuka bluu hata kwa sekunde moja, pale umeshalainisha chuma, na hakuna kunoa kutakakorudisha. Saga kidogo, chovya majini, saga tena, mikono mitupu ili uhisi joto mapema. Au tumia tupa ya almasi na msasa, polepole. Fikisha makali unene wa nusu milimita, ndipo unoe kwenye jiwe kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kila upande.

Jaribio la mwisho fanya kabla ya kutia mpini. Bana fimbo ya shaba nyeupe (brasi) kwenye vaisi, lalisha makali juu yake, kandamiza hadi uone yanainuka kidogo. Yakirudi yalivyokuwa, kisu kiko tayari. Yakimeguka, kirudishe kwenye sufuria kwa joto la juu kidogo, nyuzi 10 au 15, saa mbili. Yakibaki yamepinda, yaliungua kwenye grenda au joto la kutuliza lilizidi, na itabidi kisu kirudi motoni kuanzia kusawazisha.

Chuma cha springi hushika kutu, hasa kwenye kazi ya samaki na unyevu wa ziwa. Kioshwe, kikaushwe pale pale, kipakwe mafuta kidogo ya kupikia. Kitabadilika rangi na kuwa kijivu. Hiyo si kutu, usiisugue.